Mishiri ya Ruiri na Wageni wa Ubalozi

Simu ya ubalozi ilinikuta nimevua viatu chini ya meza. Vilikuwa viatu vipya, nilivyonunua siku niliyotangazwa kuwa mhariri, na tangu siku hiyo vilikuwa vinanichuna visigino bila huruma. Nilikuwa katika wiki yangu ya pili kwenye kiti hicho. Gazeti letu lilikuwa dogo, la Kiswahili, likitoka kila Ijumaa. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo na mimea, hapo Embu mjini, na harufu ya dawa za ng'ombe ilifika kazini kabla yetu kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimetoka kufundisha Kiswahili katika shule moja upande wa Runyenjes, nikiandika habari za soko na za mvua siku za Jumamosi, mpaka mwenye gazeti aliponiita na kuniambia kwamba mhariri wake anastaafu na haoni mtu mwingine wa kumpa kazi.

Aliyepiga simu alikuwa Mkenya mwenzangu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa. Alisema yeye ni afisa wa habari katika ubalozi wa nchi moja ya Ulaya kule Nairobi.

"Madam mhariri, kwanza hongera," alisema. "Ni kawaida yetu, mhariri mpya akiteuliwa, tunamwalika tumweleze sera za nchi yetu. Tunaita brifing. Baada ya hapo kuna chakula cha mchana nyumbani kwa balozi."

"Una uhakika ni mimi unayenitafuta? Hili si lile gazeti kubwa la Nairobi."

Akanisomea jina la gazeti letu polepole, kisha akanisomea na jina langu. "Ni wewe," akasema.

Nilimwambia nitamjibu. Nilipoweka simu chini nilizunguka meza nikiwa peku, mikono nimeishika kifuani. Mimi, binti wa mkulima wa kahawa kutoka milima ya Embu, nikale chakula na balozi! Nilianza hata kuwaza ni kitambaa gani nitakachojifunga kichwani.

Mzee aliyekuwa mhariri kabla yangu alikuwa amestaafu kwa maneno tu. Kila asubuhi saa nne alipanda ngazi akaja kunywa chai na sisi, akisema amepita tu. Nilipomwambia habari ile aliweka kikombe chini.

"Mwalimu," alisema, maana hakuacha kamwe kuniita hivyo, "nimekaa kwenye hicho kiti mpaka nywele zikawa nyeupe, na hakuna ubalozi uliowahi kunipigia hata kwa bahati mbaya. Hiyo kawaida wanayosema imeanza lini?"

"Labda wamebadilika."

"Labda wana jambo. Fikiria. Huku kwetu kuna kitu gani ambacho watu wa Ulaya wanakitaka?"

Sikuhitaji kufikiria. "Mishiri," nikasema.

Msimu ule hapakuwa na mazungumzo mengine. Mishiri, yale maharagwe membamba ya kijani ambayo hapa kwetu hakuna aliyeyala, yalikuwa yakilimwa kutoka Ishiara mpaka Buuri, popote palipokuwa na mfereji wa maji, yakichumwa leo ili kesho yapande ndege. Kisha uvumi ukaingia: Wazungu wamefunga soko, wamesema mishiri yetu ina sumu. Mabroka walikuja na malori matupu wakasema, "Mama, tunakusaidia tu, hii mzigo haina mwenyewe," wakabeba kwa bei ya kuokota. Wengine hawakuja kabisa. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Ruiri, alikuwa amenipigia simu kutoka kibanda cha simu pale sokoni, akipiga kelele kushinda upepo.

"Ng'ombe wangu wanakula chakula cha malkia!" alisema. "Na maziwa hawaongezi!"

Alicheka, lakini nilimjua dada yangu. Alicheka vile tangu tukiwa wadogo kila alipokuwa karibu kulia.

Basi nikampigia yule afisa. Nilimshukuru kwa mwaliko, kisha nikamwambia kwamba siku hiyo naandaa kurasa na siwezi kutoka Embu. Kama wana sera ya kunieleza, waieleze hapa ofisini kwangu. Mzee alikuwa amesimama karibu, macho yamemtoka.

Yule afisa alicheka kwa adabu. "Madam, kwa kawaida ubalozi hauendi kwa mhariri."

"Na kwa kawaida mhariri haendi mahali habari haipo," nikajibu. "Mishiri iko huku."

Nilikuwa sijalitaja neno hilo hapo awali, wala yeye hakuwa amelitaja. Kisha akasema, kwa sauti iliyopungua upole kidogo, "Nitakupigia."

Alipiga kesho yake. Katibu wa kwanza wa ubalozi, ambaye ndiye angenipa yale maelezo, alikuwa na safari ya Meru wiki ile ile. Angepitia Embu. Nilishukuru kwa utulivu wa mtu anayepokea wageni wa kibalozi kila Jumanne, nikaweka simu chini, halafu mimi na mzee na msichana wetu wa kupiga taipu tukashikana mikono katikati ya ofisi tukapiga vigelegele. Mwenye agroveti, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenye jengo, alikuja mbio kuuliza kama kuna moto.

Alipoelezwa, alichangamka kutushinda. Alisema hawezi kukubali Mzungu wa ubalozi apande ngazi zile zilivyo. Akaleta rangi ya kijani, akapaka ukuta wa ngazi na reli yake mwenyewe, akiwa amekunja suruali. Sisi tuliosha madirisha ambayo sidhani yaliwahi kuoshwa tangu jengo lijengwe. Nyumbani kwangu, mtaa wa Dallas, jirani yangu alinipigia pasi nguo ya kitenge mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika nayo. Mama yangu alituma ndizi na uji wa wimbi kwenye jerikeni, na agizo kwamba wageni wasiondoke bila kuonja.

Siku ilipofika, gari refu lenye bendera iliyofunikwa lilisimama mbele ya agroveti, na watu wakajaa barabarani kama kuna mkutano. Akashuka kwanza yule afisa wa habari, mwanamume mnene wa makamo mwenye tai ya bluu. Nyuma yake akashuka mwanamke mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi, viatu vya kutembelea porini miguuni. Huyo ndiye katibu wa kwanza. Alipanda ngazi akiwa ameshika reli, na alipofika juu akanyoosha mkono kunisalimia, tukaona kiganja chote ni cha kijani. Rangi haikuwa imekauka.

Nilitamani ardhi inimeze. Yeye alitazama kiganja chake, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Naona nimekwisha kutiwa muhuri wa Embu."

Tulibaki tumeduwaa. Kumbe alikuwa ameishi Unguja miaka mingi akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Alisema "aisee" na "niwie radhi" na "laiti," na mzee alinong'ona sikioni mwangu, "Huyu anaongea kama Biblia."

Tulimsafisha mkono kwa mafuta ya taa, tukaketi, uji ukamiminwa. Afisa wa habari akafungua mkutano.

"Kabla hatujaanza, madam mhariri, tuelewane. Maelezo haya ni ya kukupa mwanga wewe. Hayanukuliwi. Hutaji jina, hutaji ubalozi."

Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikailaza mezani. "Sasa nayasikiliza ya nini?"

"Ili uelewe, na ukiandika siku za mbele uandike ukiwa unaelewa."

"Bwana, nikielewa mimi na msomaji wangu asielewe, mtakuwa mmenilisha jikoni huku wageni wangu wako sebuleni na njaa."

Katibu wa kwanza aliinua mkono kumtuliza mwenzake. "Hebu nikueleze kwanza, kisha tugombane," aliniambia.

Akanieleza. Nchi yake haikuwa imefunga soko la mishiri. Haikuwa hata na mpango huo. Kilichokuwepo ni kwamba kuanzia msimu uliofuata mizigo ingepimwa, na dawa mbili za kupuliza, zilizokuwa zinatumiwa sana na wakulima wetu, hazingekubaliwa tena kwenye mishiri. Mkulima angekuwa na muda wa kutosha wa kubadilisha dawa. Sera yenyewe ilikuwa imeandikwa, lakini isingetangazwa mpaka wizara za pande zote mbili zikubaliane juu ya maneno.

"Na watakubaliana lini?" nikauliza.

"Baada ya miezi kadhaa. Ndiyo maana nilitaka wahariri wajue mapema, uvumi usije ukawashinda."

"Umeshatushinda. Madam, dada yangu analisha ng'ombe mishiri hivi tunavyoongea. Nchi yako imenyamaza kwa heshima, na mabroka wanaongea kwa niaba yake."

Katibu wa kwanza alikunywa uji wake wote, taratibu, akakiweka kikombe chini, akauliza kama anaweza kutumia simu yangu.

Alipiga Nairobi. Aliongea kwa lugha yao, kwa muda mrefu, mara akisimama, mara akiketi kwenye ukingo wa meza yangu. Sisi wengine tulikaa tukitazamana kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha upasuaji. Afisa wa habari, ambaye alielewa lugha ile, alianza kulegeza tai. Sikuweza kusoma kitu usoni pake.

Katibu wa kwanza alirudisha mkono wa simu mahali pake. "Ninaweza kunukuliwa kwa sentensi moja," alisema. "Soko halijafungwa."

Nilichukua kalamu. "Na halitafungwa?"

"Hiyo ni sentensi ya pili."

"Basi nipe ya pili."

Akacheka. "Na halitafungwa mradi wakulima wafuate kanuni mpya za dawa."

"Dawa zipi? Mkulima hawezi kufuata kanuni asiyoijua."

"Madam mhariri—" alianza afisa wa habari.

"Nimezaliwa nyumba inayouza ndizi," nikamwambia. "Siwezi kuacha bei katikati."

Tulivutana hivyo, neno kwa neno. Alikataa kunitajia tarehe, nikaiacha. Alikataa kusema lolote kuhusu nchi nyingine za Ulaya, nikaona ni haki. Lakini majina ya zile dawa mbili alinitajia, na akaniruhusu kuandika kwamba ameyasema yeye. Ukurasa wangu ulipojaa nilihisi kama mtu aliyebeba maji bila kumwaga tone. Ndipo nikapata ujasiri wa kuomba lingine.

"Mnaenda Meru. Ruiri si mbali kutoka pale. Njooni mumwambie dada yangu na majirani zake haya mliyoniambia."

"Hiyo haipo kwenye ratiba," alisema afisa wa habari.

"Iweke," alisema katibu wa kwanza.

Nilisafiri nao katika gari lile, begi langu magotini, mtaalamu wa bonde na kilima tangu Embu hadi Chuka, nikiwaonyesha ni wapi chai inaanza na ni wapi mito inakata barabara. Tulilala Meru. Asubuhi tulishuka upande wa kaskazini, ambako mlima unabaki mgongoni na nchi inafunguka ikawa tambarare, kavu, yenye upepo unaotia machozi. Dada alikuwa amepata habari na hakuwa amelala. Watu walikuwa wamejaa kwenye kiwanja cha kanisa: akina mama kwa leso na masweta, wanaume wamevaa makoti ya Jumapili ingawa ilikuwa siku ya kazi. Baadhi walibeba mishiri kwenye ndoo, kama ushahidi.

Katibu wa kwanza alisimama mbele. Dereva alikuwa amemfundisha salamu njiani. "Muga!" alisema, na kiwanja chote kikaitikia "Muga!" kwa kishindo. Kisha akaanza kwa Kiswahili chake cha Unguja, na nikaona nyuso zikikunjamana.

"Huyu mama anasema nini?" mtu aliuliza nyuma. "Si angeongea tu Kiswahili?"

Kicheko kilichozuka kilimfanya hata yeye acheke. Basi dada yangu akaitwa mbele, akawa anageuza Kiswahili cha pwani kuwa Kimeru, sentensi kwa sentensi, na nadhani aliongeza chumvi, kwa maana mahali katibu wa kwanza aliposema maneno machache dada aliongea mpaka akatoa jasho. Aliposema soko halijafungwa, mama mmoja alipiga kofi moja, kisha akasita kuona kama wengine wanapiga. Wakapiga wote.

Maswali yakaja. Watapima vipi? Mkulima akipuliza na jirani yake asipulize, upepo ukivuka mpaka, nani analaumiwa? Alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hakijui. Halafu akasimama mwanamume mmoja mwembamba aliyekuwa kimya muda wote.

"Mimi niko na swali moja," alisema kwa Kiswahili. "Hiyo dawa mumekataa. Inatengenezwa wapi?"

Upepo ulivuma. Afisa wa habari alitazama viatu vyake. Katibu wa kwanza aliniangalia mimi, kisha akamgeukia yule mkulima.

"Moja kati ya hizo mbili inatengenezwa kwetu," alisema. "Katika nchi yangu."

Dada hakuhitaji kutafsiri. Ukapita mnong'ono uliokua na kukua hadi ukawa kelele. Mtu alicheka kwa uchungu. Yule mkulima hakucheka. Alisema, "Asante kwa kusema ukweli," akaketi.

Nilikuwa nimeandika sentensi ile kabla haijatua. Afisa wa habari alinijia haraka, akaniinamia. "Hiyo haikuwa katika makubaliano yetu. Tafadhali."

Nilimtazama katibu wa kwanza. Alikuwa amesikia. Nilimwuliza kwa sauti, "Niandike au nisiandike?"

Uso wake ulikuwa mwekundu, sijui ni upepo. "Nimelisema mbele ya watu wote hawa," alisema. "Nikikuzuia kuliandika nitaonekana kichekesho. Andika."

Niliandika habari ile kwenye meza ya dada, sufuria ya mukimo ikiwa pembeni yangu, karatasi zikipata madoa ya mafuta. Dada alizunguka zunguka akiniuliza, "Umeweka ile ya dawa? Umeweka jina la Ruiri?" Kisha nikaenda Meru mjini, nikapiga simu ofisini, nikamsomea mzee. Alinakili kwa mkono huku akinikatiza, "Punguza kasi, mwalimu! Rudia!" Nilipofika kwenye jibu la katibu wa kwanza kuhusu dawa ya kwao, mzee aliacha kuandika. Nilisikia akipumua. "Hii tunaweka juu kabisa," alisema. "Kwa herufi kubwa kuliko zote tulizo nazo."

Na ikawekwa hapo. Ijumaa saa sita gazeti lilikuwa limekwisha Embu, Meru na Chuka, na mwenye gazeti aliagiza lichapishwe tena, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mabroka walirudi Ruiri na malori, wakiongea kwa sauti nyingine. Dada alinipigia kutoka kibanda kile kile kuniambia kwamba ng'ombe wamerudi kwenye majani na wamenuna. Si wote waliofurahi. Mwenye agroveti wa chini yetu alikuwa na makatoni ya zile dawa stoo, na kwa muda mrefu alinipita kwenye ngazi bila salamu. Katibu wa kwanza naye alinipigia baada ya siku chache. Alisema ameulizwa maswali mengi na wakubwa wake kuliko aliyoulizwa na wakulima wa Ruiri, na maswali ya Ruiri yalikuwa bora. Wizara zilikubaliana juu ya maneno haraka ajabu baada ya hapo. Alibaki Kenya mpaka muda wake ulipokwisha, na afisa wake wa habari alikuwa akinipigia kila mara kabla ya kuja upande wetu, akianza kwa kuuliza, "Leo utatupeleka wapi?"

Lakini furaha yangu kubwa niliipata siku iliyofuata ile Ijumaa ya gazeti, Jumamosi, siku niliyojiambia nitapumzika na sikuweza. Nilichukua basi nikateremka hadi Ishiara, soko likiwa limechemka, nikatembea kati ya mafungu ya pojo na mbuzi waliofungwa kamba. Karibu na mashine ya kusaga nilimkuta mwanamume amesimama juu ya kreti, nakala ya gazeti mkononi, akiwasomea watu na kuwageuzia kwa Kimbeere. Nilijisogeza hadi mbele. Alipofika kwenye majina ya dawa, moja alilitamka vibaya, likawa kama jina la dawa nyingine kabisa.

"Si hiyo," nikasema. "Angalia tena."

Alinitazama kutoka juu ya kreti yake, akiwa na hasira ya mtu aliyekatizwa. "Mama, hii imeandikwa kwa gazeti."

"Najua imeandikwa. Soma polepole."

"Wewe umesoma hii gazeti kweli?"

Watu wote walinigeukia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilisema tu kwamba ndiyo, nimelisoma, nikaomba anishushie nakala nimwonyeshe ile herufi aliyoikosea, na tukabishana pale juani, mimi na yeye na nusu ya soko, mpaka kila mtu akaweza kulitamka lile jina.